UZI: Fizio Marekani, kila jimbo na sheria zake. Kabla hujasaini mkataba pita hapa

#1 GotiBovu

Wakuu habari za muda huu. Kwenye ule uzi wa ajira za afya majuu watu wamenijaza PM mpaka simu inaganda, kwahiyo naweka yote hapa tusome wote, sijibu tena mmoja mmoja. Mods naomba msiuunganishe na uzi mwingine.

Mimi ni fizio, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, nilianzia KCMC Moshi, sasa hivi naishi New Jersey na nafanya kazi pande zote mbili za mto Hudson, siku nyingine Jersey na siku nyingine Manhattan, jimbo la New York. Nalisema hilo mapema kwasababu ndio msingi wa uzi wote: huku HAKUNA leseni ya Marekani. Mtihani ni mmoja, unaitwa NPTE, ukiupasua umeupasua nchi nzima, ila leseni inatolewa na jimbo, na kila jimbo lina bodi yake na sheria yake ya taaluma inayosema mikono yako iishie wapi. Ukivuka daraja sheria imebadilika na wewe ni yule yule na mgonjwa ni yule yule.

Mfano halisi. Sindano kavu. Kwa wasiojua, ni sindano nyembamba mno, haina dawa ndani, unaipitisha kwenye lile fundo la msuli pale juu ya bega, msuli unaruka wenyewe kama umeshtuliwa halafu unalegea, mgonjwa anatukana kidogo kisha anageuza shingo anacheka. Jersey naruhusiwa. Manhattan, umbali wa vituo vichache vya treni, marufuku kwa fizio. Nina mgonjwa anaishi Jersey City anafanya kazi Manhattan, anakuja kliniki ya kule mchana shingo imekakamaa ananiambia nichome kama ulivyonichoma wiki iliyopita, namwambia dada hapa siruhusiwi. Ananitazama kama namringia. Hizo sindano hata kwenye begi langu sibebi, zinabaki kabatini Jersey na vibomba vyake vya plastiki havijafunguliwa.

Na hiyo Jersey yenyewe msione ilikuwa rahisi. Mafizio walikuwa wanachoma vizuri tu, mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba hiyo kitu haimo kwenye sheria yao, watu wakaweka sindano chini. Ikabidi bunge la jimbo lipitishe sheria, gavana akasaini Januari 2022 ndio ikarudi. Yani ujuzi ule ule, mikono ile ile, halali haramu halali. North Carolina waakyupancha, wale wa tiba ya sindano za Kichina, walikwenda hadi mahakama ya juu ya jimbo, Desemba 2018 mahakama ikasema bodi ya mafizio ilikuwa sahihi, choma. Florida wakapitisha sheria 2020 ila na masharti: uwe na miaka miwili kazini, masaa 50 ya mafunzo ya ana kwa ana na sesheni 25 za wagonjwa chini ya usimamizi. Mimi huu wa Florida ndio naukubali kuliko yote, maana waakyupancha nao wana hoja, wamesoma miaka halafu anatokea mtu na kozi ya wikiendi moja anachoma juu ya mapafu. California mpaka leo fizio hachomi.

Sasa la pili, kubwa zaidi, mgonjwa kuja kwa fizio moja kwa moja bila barua ya daktari. Nebraska walifungua mlango huo tangu 1957, na kuanzia 2015 majimbo yote 50 yana namna fulani ya kuruhusu. Shida ni hilo neno "namna fulani". New York ni sesheni 10 au siku 30, chochote kitakachotangulia, na wewe fizio uwe na miaka mitatu ya kazi, na mgonjwa asaini karatasi pale mapokezi inayomwambia bima yake inaweza isilipe. California tangu 2014 ni siku 45 au sesheni 12, baada ya hapo daktari amuone mgonjwa kwa macho na asaini mpango wako wa matibabu. Missouri waligoma miaka na miaka, 2023 wakalegeza, unatibu lakini ukifika sesheni 10 au siku 30 lazima uwasiliane na daktari ndio uendelee. Jersey mimi natibu, ila ndani ya siku 30 lazima nimjulishe daktari wake mpango wangu. Texas mpaka 2019 mgonjwa bila rufaa ulikuwa unampima tu kisha unamrudisha akalete karatasi, yule mama kafika na goti limevimba unamwambia nimeona tatizo lako ila siruhusiwi kuligusa. Mwaka huo ndio wakapitisha sheria ya kuruhusu matibabu kwa siku 10 za kazi, na 15 kwa fizio aliyemaliza mafunzo ya ubingwa.

Watu wakisikia sheria imepita wanashangilia, mitandaoni kila mtu "hongera hongera". Mimi siku hizi nauliza swali moja tu: NANI ANALIPA? Maana bunge la jimbo linasema mgonjwa anaruhusiwa kuja, ila halijamwambia bima alipe, na bima ikisema leta rufaa ndio nilipe basi hiyo sheria inamsaidia mwenye hela mfukoni. Hilo ndio naomba tulijadili. Karibuni.

---

#2 Mchuzi_wa_Pweza

Nimeweka mkeka hapa, chai ipo. Wa kwanza kukoment.

---

#3 MseeWaMgongo254

Niaje wasee. GotiBovu asante sana kwa hii, wengi huku hudhani ukishafika umefika. Mimi niko Kenya, nina diploma ya KMTC na degree nilimalizia baadaye, niko registered na Physiotherapy Council of Kenya. Swali langu: hii story ya kompakti, ile makubaliano ya majimbo kutambuana leseni, naskia ati ukipata leseni ya jimbo moja unaeza kufanya kazi kwa majimbo zaidi ya 30. Ni ukweli ama ni ajenti wanatuchezea? Na mtu ametoka huku anaanzia wapi, juu nikiingia kwa wavuti zao kila mtu anataka pesa.

---

#4 GotiBovu

@MseeWaMgongo254 karibu ndugu. Hatua zako hazianzi na kompakti, kompakti iko mbele huko. Kwanza vyeti vyako vinapimwa, na wanaopima mara nyingi ni FCCPT, wanachukua masomo yako somo kwa somo wanayalinganisha na yale ya chuo cha huku. Na hapo ndipo wengi wanakwama, maana huku kuanzia 2016 chuo hakipati ithibati kama hakitoi shahada ya udaktari wa fizio, kwahiyo unapimwa na kipimo kikubwa. Diploma peke yake haikufikishi. Kwenye degree watakukuta na mapengo, kawaida ni masomo ya kutambua magonjwa, dawa, picha za eksirei, na yale ya jumla kama saikolojia, unayaziba kwa kusoma mtandaoni kwenye vyuo vinavyokubalika. Ukiwa hapo Kenya omba silabasi yako yote KMTC na chuo kikuu SASA HIVI, ikiwa na muhuri, usisubiri aliyekufundisha astaafu.

Kisha NPTE. Maswali 225, ila yanayohesabiwa ni 180, mengine wanayajaribisha tu na hujui yapi. Alama ya kupita ni 600 kwenye kipimo kinachoishia 800. Una nafasi 6 maisha yako yote, zisiende kiholela, na ukipata alama za chini kabisa mara mbili wanakufungia moja kwa moja. Usinunue "maswali ya mtihani" kwenye magrupu ya telegramu. Mwaka 2010 walisimamisha kuwapa mtihani wahitimu wa Misri, India, Pakistan na Ufilipino kwasababu ya maswali kuvuja, waliokuwa hawajawahi kuona hata swali moja wakaumia pamoja na wezi.

Habari njema moja: fizio yuko kwenye ile orodha ya serikali kuu ya kazi zenye uhaba, sisi na manesi, kwahiyo mwajiri akikuombea green card anaruka zile hatua za kutangaza kazi na kuthibitisha hakuna Mmarekani anayeitaka. Kupanga foleni ya viza utapanga lakini.

---

#5 KipepeoWaMikataba

Hapo kwenye kompakti niacheni mimi niongee maana imeniuma.

Kompakti ipo kweli, ilianza kutoa vibali 2018, na ni nzuri, sio utapeli. Ila kibali cha kompakti SIO leseni, ni kivuli cha leseni ya nyumbani kwako. Nyumbani maana yake jimbo unaloishi kweli, wanaangalia leseni ya gari na anuani, na jimbo hilo lazima liwe mwanachama. Mimi nilikuwa naishi Tennessee, nina vibali vya Virginia na North Carolina, nakula mikataba ya wiki 13 13, hapa nikichoka nahamia pale, raha mustarehe. Nimeolewa, mume kapata kazi California, tukahama. California sio mwanachama. Nikabadilisha leseni ya gari kama raia mwema, na vibali vyote vikafa pale pale, mkataba wa Virginia ulikuwa unaanza mwezi unaofuata. Ajenti wangu alijua nahama, nilimwandikia, hakuniambia kitu, yeye alichotaka ni tarehe ya kuanza. Ikabidi niombe leseni kamili ya Virginia, fomu, alama za vidole, barua kutoka bodi ya Tennessee, na muda wote huo silipwi.

Kwahiyo dada zangu na kaka zangu, ukisikia "majimbo zaidi ya 30" uliza kwanza la kwako limo? New York halimo. California halimo. Ukiishi hapo hata uwe bingwa wa mabingwa kompakti haikuhusu.

---

#6 GotiBovu

@KipepeoWaMikataba pole sana, na asante. Naongeza hapo: mimi naishi Jersey ambayo imo, naweza kuchukua kibali cha Virginia nikitaka, ila New York ninapoiona kwa dirisha nimelazimika kuchukua leseni yao nzima. Na kibali cha kompakti unafuata sheria za jimbo LA MGONJWA, sio lako. Hata ukiwa unamtibu kwa video uko sebuleni kwako, alipokaa mgonjwa ndio kwenye sheria.

---

#7 MamaZawadi_MN

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi si fizio, niko Minnesota, nauliza kama mgonjwa. Niliteguka bega kwa kunyanyua mzigo nyumbani, si kazini, kwahiyo bima ni ile ya kawaida ya mwajiri wangu. Daktari kaandika sesheni 12, bima wakakubali 6, na kila nikienda nalipa kopei, ile hela ya mfukoni kwangu, dola 50 kwasababu fizio wamemuweka kundi la mabingwa. Mara mbili kwa wiki hesabuni wenyewe. Nikaacha. Rafiki yangu yuko Kentucky ananiambia kwao kuna sheria inazuia hilo. Sasa kwanini huku isiwepo na inawezekanaje nchi moja?

---

#8 GotiBovu

Mama marahaba, na pole na bega. Hili swali lako ndio kiini chenyewe naomba niende polepole.

Rafiki yako hakukosea. Kentucky walikuwa wa kwanza, 2011, sheria inasema kopei ya fizio isizidi ile ya daktari wa kawaida. Majimbo mengine yakafuata. Washington nao wakaweka sheria ya 2018 kwamba bima haiwezi kukudai kibali kwanza kwa zile sesheni 6 za mwanzo za tatizo jipya. Sheria nzuri kabisa hizo.

Lakini. Kuna sheria ya serikali kuu ya 1974 inaitwa ERISA. Makampuni makubwa mengi hayanunui bima, yanalipa matibabu ya wafanyakazi kwa hela yao wenyewe, na ile kampuni ya bima ambayo nembo yake iko kwenye kadi yako kazi yake ni kuchakata makaratasi tu. Mpango wa namna hiyo sheria za bima za jimbo haziugusi. Yani unaweza kuwa Kentucky kabisa, sheria ipo, fizio anaijua, wewe unaijua, na kopei ikabaki dola 50 kwasababu mwajiri wako anajilipia mwenyewe. Kadi mbili zinafanana rangi na nembo, mmoja analindwa na jimbo mwenzake halindwi. Nimewaona mapokezi wakigombana na mgonjwa kwa hilo na wote wawili hawajui kwanini.

Kwahiyo Mama, nenda HR kesho uliza swali moja: huu mpango wetu kampuni imenunua bima au inajilipia yenyewe? Kama imenunua, malalamiko yako yanaenda kwa idara ya jimbo inayosimamia bima. Kama inajilipia, ni Wizara ya Kazi ya serikali kuu. Na zile sesheni 6 walizokata kata rufaa kwa maandishi, usipige simu tu, muombe fizio wako aandike vipimo: bega linapanda nyuzi ngapi leo, lilikuwa ngapi mwanzo, na kazi gani huwezi kufanya. "Mgonjwa bado anaumwa" haipiti. "Hawezi kunyanyua kilo 5 juu ya kichwa na kazi yake ni kupanga bidhaa kwenye shelfu" hiyo inasomwa.

---

#9 Dokta_Uchochoroni

Mimi ni daktari, niko Dar, nawasoma kimya ila hapa kwenye kuja moja kwa moja kwa fizio napinga. Hizo siku 30 na sesheni 10 hazikuwekwa kwa wivu wa madaktari kama mnavyoaminishana. Maumivu ya mgongo yanaweza kuwa kansa imesambaa kwenye pingili, TB ya uti wa mgongo, figo, mshipa mkubwa wa tumboni umetanuka. Nyie mnakanda wiki sita mgonjwa anakuja kwetu amepooza. Kikomo kinalinda mgonjwa.

---

#10 GotiBovu

@Dokta_Uchochoroni mkuu hoja nzito na nimekuelewa, ila tazama kikomo chenyewe kinavyofanya kazi. Mgonjwa mwenye mgongo akiniambia tangu jana sehemu ya kukalia imekufa ganzi na mkojo hautoki, huyo sisubiri siku ya 30, huyo anaondoka kliniki kwangu kwenda emajensi muda ule ule, nampigia simu na daktari wa zamu mwenyewe. Na hilo nitalifanya New York, Jersey, kokote. Kinachomlinda ni mimi kuuliza hilo swali siku ya kwanza. Sesheni ya 10 kwa mtu wa goti lililochakaa ambaye anaendelea vizuri inamlinda na nini? Anaenda kukaa mapokezi kwa daktari dakika arobaini kwa ajili ya sahihi, analipa kopei nyingine, na wiki mbili zimepita mguu umeanza kukakamaa tena.

Ukitaka kumlinda kweli nipe zana. Wisconsin 2016 waliruhusu fizio kuagiza eksirei. Mtu kaanguka, kifundo kimevimba, naagiza picha nione kama mfupa umevunjika kabla sijamsimamisha. Majimbo mengi mimi nikishuku mfupa namrudisha kwa daktari akaombe picha hiyo hiyo.

---

#11 Dokta_Uchochoroni

Ya eksirei nakubali. Ya sesheni bado. Kuna mafizio wa aina yako na kuna wa kozi za wikiendi uliowasema mwenyewe huko juu, sheria inatungwa kwa ajili ya hao wa pili.

---

#12 GotiBovu

Hapo umenibana kidogo hahaha. Ndio maana nikasema naupenda mfumo wa Florida kwenye sindano, mtake mtu athibitishe mafunzo badala ya kumhesabia siku.

---

#13 HoustonKwaBibi

Wadau mie ni CNA, msaidizi wa manesi, huku Houston, nimechoka kugeuza wagonjwa mgongo wenyewe umeisha. Nafikiria kusoma PTA ile ya miaka miwili niwe msaidizi wa fizio, mtu mmoja kazini kaniambia nisithubutu, Medicare, ile bima ya serikali kuu ya wazee, wamewakata hela wasaidizi na kliniki haziwataki tena. Kuna ukweli?

---

#14 GotiBovu

@HoustonKwaBibi nusu kweli. Kuanzia Januari 2022 Medicare analipa asilimia 85 kwa tiba iliyotolewa na msaidizi, yani kliniki inapoteza 15 ukigusa mgonjwa wewe badala ya fizio. Hiyo iliuma, hasa kliniki ndogo. Lakini kuanzia Januari 2025 Medicare hao hao wameondoa ile sharti kwamba kwenye kliniki binafsi fizio lazima awe jengoni wakati msaidizi anatibu, sasa apatikane kwa simu inatosha. Hiyo imerudisha thamani yenu, fizio anaweza kwenda kumpima mtu nyumbani na kliniki isifungwe.

ANGALIZO: hiyo ni ya Medicare. Kama jimbo lina sheria kali zaidi ya usimamizi, ya jimbo ndio inafuatwa, kwahiyo soma kanuni za bodi ya Texas mwenyewe usichukue maneno ya kazini. Na kompakti inawahusu na wasaidizi, Texas imo, kwahiyo mikataba ya wiki 13 ipo hata kwenu. Mimi ningesoma. Hospitali, nyumba za wazee na huduma za majumbani bado wasaidizi wanahitajika, mgongo wako tu ujifunze kuulinda maana kunyanyua bado kupo.

---

#15 KipepeoWaMikataba

Na usisome chuo chochote kisicho na ithibati ya CAPTE, wale wanaokagua vyuo vya fizio. Kuna dada hapa kalipa hela yote ndio anaambiwa hawezi kukaa mtihani.

---

#16 MamaZawadi_MN

GotiBovu nimetoka HR. Binti wa pale hakujua, kaenda kumuuliza bosi wake, jibu: kampuni inajilipia yenyewe. Kwahiyo hata sheria ya Kentucky ingekuwa huku isingenisaidia. Ila nimeomba fomu ya rufaa wamenipa, wamesema nina siku 180.

---

#17 GotiBovu

Safi sana Mama. Hizo 180 zinahesabiwa tangu upate barua ya kukataliwa, sio leo, angalia tarehe kwenye bahasha. Fizio wako akikupa ripoti nitumie PM bila jina nikuangalizie kama vipimo vimekaa sawa.

---

#18 MseeWaMgongo254

Buda swali ya mwisho nisikusumbue. Nikishapita NPTE, hiyo jimbo inaeza kunipa mtihani ingine?

---

#19 GotiBovu

Baadhi ndio. Texas, California na Florida wana mtihani wa sheria za jimbo, mfupi, hauhusu misuli wala mifupa, unahusu haya haya tuliyojadili hapa: siku ngapi bila rufaa, nani anasimamia nani, ukibadilisha anuani unaripoti lini. Mafizio wazuri sana wanaudharau wanaanguka. Chagua jimbo kwanza ndio ununue vitabu, na chagua kwa kuangalia mambo manne: linakubali ripoti ya FCCPT uliyonayo, limo kwenye kompakti, linakuruhusu kutibu bila barua mpaka wapi, na mwajiri anayekuitia yuko wapi. Silabasi umeshaomba?

---

#20 MseeWaMgongo254

Naenda Jumatatu asubuhi.

---

#21 Mchuzi_wa_Pweza

Chai imeisha, nachemsha nyingine. Mwenye uzoefu wa Ohio au Georgia atupie hapa.